Joto la uso wa bahari pekee latosha kulea kimbunga?

Mwana wa Sahare, Tanga:
Assalaam alaykum. Tangu Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, wavuvi wa hapa Tanga wamekuwa wakiuliza kuhusu mikondo na vimbunga. Tunaambiwa kwamba kimbunga huhitaji maji yenye joto la nyuzi 26.5 hivi. Maji yetu huzidi joto hilo kila msimu wa kaskazi. Mbona basi vimbunga havitufikii, na je, hali hii itabadilika dunia inapozidi kupata joto?

Mwalimu wa Jiografia:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni dhaifu. Ndiyo maana hata Kimbunga Kenneth, mwaka 2019, kilipiga kaskazini mwa Msumbiji.

Lakini jambo lililo zito zaidi ni kina cha joto. Upepo wa kimbunga huikoroga bahari, ukayashusha maji ya moto ya juu na kuyapandisha maji baridi ya chini, hivyo kimbunga hujidhoofisha chenyewe, hasa kikienda polepole. Palipo na tabaka nene la maji ya moto, yanayopanda nayo huwa ya moto, na kimbunga huendelea kupata nguvu. Unene wa tabaka hilo hutegemea mikondo na pepo. Kati ya Shelisheli na visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, kwa kawaida maji baridi huwa karibu na uso wa bahari. El Niño, yaani maji ya Pasifiki ya kitropiki kupata joto kupita kawaida, inapotokea, mawimbi mapana yanayosafiri polepole kutoka mashariki huyashusha, na vimbunga huelekea kuongezeka.

Binti Pangani:
Shikamoo mwalimu. Je, joto linaloshushwa na kimbunga huenda wapi?

Mwalimu wa Jiografia:
Marahaba, mwanangu. Sehemu yake hurudi hewani msimu wa baridi, na nyingine hubebwa na mikondo. Mwaka 2001 Kerry Emanuel, mtaalamu wa vimbunga wa Marekani, alitoa hoja kwamba ukorogaji huo husaidia kuendesha mzunguko mkubwa wa bahari unaopeleka joto mbali na tropiki. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa mchango huo.

Kuhusu mabadiliko ya tabianchi, bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Hilo huongeza chakula cha vimbunga, lakini pia maji mepesi ya juu hutengana zaidi na yale mazito ya chini, na mambo haya mawili hushindana. Kinachotarajiwa si lazima vimbunga vingi zaidi, bali sehemu kubwa zaidi ya vile vikali, pamoja na mvua nzito, kwa kuwa hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Maboya ya Argo, yaani vipimo vinavyoelea vyenyewe baharini, huzama hadi mita 2,000 kila siku 10 na kupima joto hilo la chini, na takwimu zake ni bure. Vijana wetu wanaosomea bahari wajifunze kuzisoma.