Yule mtu amegusa bildi yangu, halafu kapigiwa makofi!!

Fundi Msumari:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka nivumilieni.

Mnamjua. Jina sitaji, kila timu imepewa mmoja. Yule ukimwambia programu haifunguki anakujibu "mbona kwangu inakubali?" Mwenye laptopu ambayo ndiyo pekee duniani inayojua kutengeneza toleo la kupeleka kwa wateja, yaani akipata mafua kampuni nzima inapiga chafya. Huyo huyo.

Sasa mimi na kiherehere changu nikasema tuweke bildi ya kujiendesha. Mtu akisukuma kodi, yaani maandishi ya programu, seva iichukue, iijenge kwenye mashine tupu isiyo na mazoea na mtu, iendeshe majaribio, yakifeli kila mmoja aone wekundu. Siku tatu wakuu. Siku tatu sijui jua limetokea upande gani. YAML, lugha ya faili la maelekezo ya bildi, imenifanya niote nafasi mbilimbili za mwanzo wa mstari. Ukibonyeza Tab inakufukuza, ukipunguza nafasi moja hatua nzima inahamia kwa jirani. Nimeandika nataka lugha ya Python toleo la 3.10, ikaona ni namba, ikanyofoa sifuri, ikaenda kunitafutia 3.1. Ya mwaka 2009! Skripti nayo ilizaliwa kwenye Windows, kufika kwenye seva haina ruhusa ya kuendeshwa. Jumbe zangu kwenye historia ya kodi zinasomeka: "rekebisha", "rekebisha tena", "sasa kweli", "jamani".

Jana usiku ikawa kijani. Kijani cha jasho. Nikalala kama mtu.

Leo kwenye kikao cha asubuhi... ngoja nipumue.

Leo kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya bosi, kaegemea kiti, anasema: "Kile kitu chako nimekurekebishia. Haiwi nyekundu tena."

HAIWI NYEKUNDU TENA.

Nikafungua faili. Mwisho wa mstari wa majaribio kaongeza `|| true`. Basi. Kwa wasiojua: amri ikimaliza salama inarudisha 0, ikifeli inarudisha namba nyingine, na seva inatazama namba hiyo tu, haina jicho lingine. Yeye kaiambia hata majaribio yafe yote, wewe sema 0. Kamziba mlinzi mdomo halafu anatangaza wezi wameisha! Nikashuka kwenye logi, ile rekodi ya yaliyotokea: majaribio 14 yamefeli, yote ya sehemu aliyoiandika yeye, na chini yake kuna tiki ya kijani imetulia haina habari. Saa hizi ukisukuma barua ya mapenzi kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya kodi, kijani.

Na bosi akapiga makofi. Siku zangu tatu hakuna aliyenipigia hata mluzi. Yeye herufi nne na vistari viwili, MAKOFI.

Nishaurini kabla sijafanya jambo. Wa "kaa naye mzungumze kistaarabu" pita kushoto.

Mzee wa Logi:
Nimeweka kiti mstari wa mbele. Endelea.

Nukta Pacha:
Wako ana aibu. Wa kwetu alifuta majaribio yote. Bildi ya dakika 11 ikawa sekunde 40, akaitwa mtaalamu wa kuongeza kasi. Mpaka leo anaitwa hivyo.

Kimya Kingi:
Povu lote hili na tawi kuu hukulifunga? Mtu anasukuma moja kwa moja bila mwenzake kupitia, halafu unakuja kulia kwetu? Umeweka geti la chuma, ukuta hakuna.

Fundi Msumari:
@Kimya Kingi nililifunga mkuu! Yeye ndiye msimamizi wa hifadhi ya kodi, anapita juu ya kufuli. Soma uzi. Tena alivyosema "haiwi nyekundu tena" alinikonyeza.

Kimya Kingi:
Kukonyezwa hukukutaja mwanzo. Jioni tutaambiwa alipanda juu ya meza.

Mpita Njia 01:
Nimeona "kusukuma kodi" nikajua uzi wa wapangaji na wenye nyumba. Niko mahali pabaya, samahani.

Binti Kontena:
Pole kaka. Ukishaiondoa hiyo takataka, angalia pia kama matokeo ya majaribio mnayapitisha kwenye `tee` ili yaandikwe kwenye faili. Bila `set -o pipefail`, bash inayoendesha hizo amri inachukua jibu la amri ya mwisho kwenye mnyororo, na `tee` yenyewe kazi yake ni kufaulu tu. Sisi tulikula kijani cha uongo miezi, tukamtafuta mchawi. Mchawi nilikuwa mimi, nilinyamaza.

Mzee wa Logi:
@Binti Kontena umenyamaza mpaka leo ukaamua kutubu hapa 😂

Herufi Ndogo:
Nyie mna raha, mna mtu wa kumlaumu. Mimi faili linaitwa Picha.png, kodi inaita picha.png. Kwenye Mac yangu linafunguka vizuri kabisa. Kwenye seva ya Linux halipo, halijawahi kuwepo, nani kakuambia lipo. Siku nzima nasoma mstari mmoja. P kubwa! Nilitamani kuing'oa kwenye kibodi.

Kimya Kingi:
@Herufi Ndogo kwa hiyo wewe ndiye "mbona kwangu inakubali".

Herufi Ndogo:
Usinianze.

Nukta Pacha:
Bado hamjakutana na orodha ya nchi. Kifupi cha Norwei ni NO, na YAML ya 1.1 ikiona NO bila alama za kunukuu inajua unakataa, inaweka false. Wateja wa nchi nzima wakawa "hapana".

Fundi Msumari:
Wakuu tusitoke nje ya mada. Nimesema bosi alipiga makofi. Kwa mikono miwili.

Mzee wa Logi:
Yote haya sababu ni kukataza Tab. Tab ikirudi, amani inarudi.

Binti Kontena:
@Mzee wa Logi nenda kwenye Makefile, faili jingine la maelekezo ya kujenga programu, huko Tab ni lazima, ukiweka nafasi inakufukuza. Na hiyo Makefile inakaa folda moja na YAML. Naruka kati ya hizo mbili kutwa nzima kama mtoto wa wazazi walioachana.

Mzee wa Logi:
Makefile ina heshima zake.

Herufi Ndogo:
Nafasi nne. Mjadala umefungwa.

Nukta Pacha:
Nne?? Skrini yako ina upana wa uwanja wa ndege?

Fundi Msumari:
Hivi kuna aliyesoma mpaka mwisho?

Mpita Njia 01:
Nimerudi, nimesoma yote, na nimegundua hata mimi kazini nina kitu kama hicho na kinawaka nyekundu wiki ya pili. Mleta uzi, tupia hiyo faili hapa ninakili. Ile ya leo, yenye true mwishoni.

Kimya Kingi:
Na mimi naomba.