Naandaa mafunzo ya wahudumu kuhusu wagonjwa wenye ulemavu wa akili, nianzie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku mkoani. Nimepewa nusu siku niwafundishe wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili. Mwongozo nilionao unaanza na maana, aina na visababishi. Naona muda wote utaishia hapo.

Hivi karibuni aliletwa kijana anajipiga shavu na kukataa kula. Kadi yake ilishaandikwa "fujo" kwingine na dawa ya kumtuliza kapewa. Alipofunguliwa mdomo, gego limeoza, ufizi umejaa usaha. Mngeanza na nini?

Mama Hawa: Daktari, pole na kazi. Binti yangu Hawa ana sindromu ya Down, ni mtu mzima sasa. Tukiingia kwa daktari naulizwa mimi "anaumwa nini?" na yeye kakaa hapo hapo, anaweza kuonyesha kwa kidole. Wafundishe wamsalimie yeye kwanza, waulize swali moja fupi, halafu wasubiri. Wengi hawasubiri! Kisha ndiyo waniulize mimi kawaida yake ikoje na nini kimebadilika.

Mnyonge wa Tabora: Kabla mtu hajaandika "tabia", akague meno, masikio, mkojo, choo, na dawa za kifafa kama anatumia. Choo kigumu kinadharauliwa sana, na kinaweza kuua. Kwa wenye sindromu ya Down, tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo mtu anapoa na kulala ovyo, lawama unabebeshwa ulemavu. Hapo tumia hata saa nzima.

Nesi Ughaibuni: Mkuu, huku England mafunzo haya yamewekwa kwenye sheria tangu 2022. Yamepewa jina la Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 aliyefariki Bristol mwaka 2016 baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walishasema asipewe. Wanaofundisha ni pamoja na watu wenye ulemavu wenyewe. Tafuta hata mmoja, na posho apate sawa na wakufunzi wengine.

Mleta mada: Asanteni sana. Visababishi naviweka dakika kumi. Mama Hawa, binti angekubali kuja kufundisha?

Mama Hawa: Nimemsomea uzi. Amekubali, anataka kuwaonyesha namna ya kumwambia mtu kabla ya kumchoma sindano. Ila iwe asubuhi, mchana anachoka.