Jirani wa juu kaziba kijito, anasema ana kibali

MamaNyanya_KG
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Niko Kigoma vijijini, nalima nyanya na mchicha kando ya kijito kinachoingia mto Luiche. Jirani yangu wa juu, mzee tunayezikana naye, kafunga pampu na kupanga viroba vya mchanga katikati ya maji. Asubuhi mpaka saa tisa hivi kwangu ni matope na vyura tu. Nikimfuata anatoa karatasi kaitia plastiki kama cheti cha ndoa: "Mimi haya maji nayalipia serikalini kila mwaka, wewe unalipia nini?" Mwenyekiti wa kitongoji anasema tuelewane (naye nyanya za bure anapelekewa). Kweli maji yanaweza kuwa ya mtu mmoja? Mahakamani sitaki, wanawe wananiita mama mdogo.

Mwanamalagarasi
Toboa viroba usiku, asubuhi mtasalimiana vizuri tu.

Bwana_Mfereji
Dada, huyo usimsikilize, utageuka mshtakiwa wewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Kibali kinampa mtu kutumia kiasi fulani, toka chanzo fulani, kwa kazi fulani. Hakimpi kijito. Na matumizi ya nyumbani yanatangulia, kisha maji ya kuufanya mto uendelee kuwa mto, ndipo kilimo.
Kwa hiyo omba kuiona karatasi kwa utulivu. Soma lita kwa sekunde, chanzo, na tarehe ya mwisho. Halafu tega ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa mpira wake na saa ya simu: ikijaa kwa sekunde 4, anavuta lita 5 kwa sekunde. Linganisha.
Ila na wewe ujiangalie. Maji ya kunywa na kupikia hayahitaji kibali. Mfereji wa nyanya za kupeleka soko la Mwanga unahitaji. Ukienda kushtaki mikono mitupu, swali la kwanza litakuwa hilo.

Mwanamalagarasi
Haya mwanasheria. Na zile mita 60 za kando ya mto je?

Bwana_Mfereji
Sheria ya Mazingira ya 2004. Shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, haziruhusiwi ndani ya mita 60. Hapo mzee naye ana kesi.

MamaNyanya_KG
Mita 60 hata mimi sina, matuta yangu ya mchicha yanagusa maji! Hilo nalinyamazia kwanza. Sasa nianzie wapi, Baraza la Kata?

Bwana_Mfereji
Baraza siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Nendeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika hapo Kigoma mjini, wao ndio wanaotoa vibali na wanaweza kuja kupima. Usiende peke yako. Wakusanye wa chini yako wote, muulizie kuunda jumuiya ya watumia maji. Na mzee mwalikeni, zamu za pampu hazipangiki bila yeye.

MamaNyanya_KG
Asante kaka. Wa chini wako watatu, nao wamekauka. Kesho natafuta ndoo isiyotoboka.