Naomba ushauri: niwasomee vijana hadithi iliyoninyima usingizi?

Ndugu zangu wasomaji, ninaishi Kirumba, Mwanza, na kila Jumamosi huwasomea vijana sita wa mtaani kwetu hadithi fupi nilizozitafsiri mwenyewe. Juzi nilimaliza ile ya mwandishi Mmarekani Harlan Ellison ya mwaka 1967, ambayo jina lake nimelitafsiri kuwa “Sina Mdomo, Nami Sina Budi Kupiga Mayowe”, na tangu hapo sijalala vizuri.

Humo kompyuta iitwayo AM imeangamiza binadamu wote isipokuwa watano, ambao imewatesa kwa miaka 109 kwa sababu inawachukia viumbe walioipa akili bila kuipa uhuru wa kuitumia. Mateso yenyewe niliyavumilia. Kilichonishinda ni mwisho, pale Ted, msimulizi na mmoja wa hao watano, baada ya wenzake kuuawa ili waepushwe na mateso, anapobaki peke yake akiwa kitu laini kama uji ulioganda, kisicho na mdomo. Nilitoka barazani nikatazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, na kwa mara ya kwanza nuru ile ilinitia hofu. Mke wangu anasema hayo ndiyo malipo ya kusoma usiku wa manane.

Naomba mlioisoma mnishauri, kwani mdogo kuliko wote kati ya vijana wangu ana miaka 14. Nikiukata mwisho, naona nitakuwa nimeiua hadithi yenyewe. Tena Ellen, mwanamke pekee, anasimuliwa kwa dharau nyingi. Hilo nilieleze vipi mbele ya mabinti?