Mliolelewa na baba "wa mtaa mzima", tupeane uzoefu (nimekuta daftari)

Mtoto wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemaliza arobaini ya mzee. Kupanga vitu vyake, chini ya godoro nikakuta kaunta buku ya kwaya tatu, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mzee aliajiriwa reli enzi za Jumuiya, kabla haijavunjika 1977, akastaafia karakana hapahapa Tabora. Mtaani alikuwa mjumbe wa nyumba kumi na mtunza turubai na masufuria ya msiba. Mjamzito akishikwa uchungu saa nane usiku, anagongewa yeye. Sisi tumekulia kwenye hodi. Baba alilala na suruali, mkanda umeshafungwa.

Daftari lenyewe: kushoto misiba, nani katoa debe la mahindi, nani kuni, nani mia tano. Kulia kaandika "Amechukua". Hao ni waliokopa kwake. Nimehesabu 14 ambao hawajakatwa mstari. Wa juu kabisa anadaiwa 60,000, nauli ya mwili kwenda Urambo, 2009. Mama anasema nichome. Kaka anasema tupite nyumba kwa nyumba. Waliolelewa na mzee wa aina hii, nyie mlifanyaje?

Kishapu Kwetu
Pole sana mkuu. Nyie hodi, sisi mwano, yaani yowe la kuita watu kukiwa na hatari. Baba alikuwa kamanda wa sungusungu miaka ya 80, na huku kwetu Usukumani ndiko ilikoshika moto. Mwano ukilia, hata tonge liko mkononi analirudisha kwenye sahani, anachukua upinde na filimbi. Kuna siku walifuata nyayo mpaka asubuhi, wakarudi na ng'ombe wote wa jirani. Wa kwetu waliibwa usiku huohuo.

Shangazi Kaja
"Wa kwetu waliibwa usiku huohuo" 😂😂 samahani mkuu, nimeshindwa kujizuia.

Konda Mstaafu
Mtoa mada, poleni na msiba, ila hapo kwenye mjumbe wa nyumba kumi usitupake mafuta. Wa kwetu enzi za uhaba sukari ya kaya zote iliishia uvunguni kwake. 1983 msako wa walanguzi ulipoanza akaimwaga chooni usiku. Nyuki walitusumbua wiki nzima.

Mtoto wa Reli
Huyo ni wa kwenu. Sisi tulikunywa uji wa chumvi na gunia la sukari ya watu limo ndani.

Konda Mstaafu
Ndivyo alivyowaambia.

Mtoto wa Reli
Mkuu, nimemzika mtu siku arobaini tu zilizopita. Chunga mdomo.

Mama Wawili
Mkimaliza kugombania sukari nina swali. Hao wageni wa saa nane usiku nani aliwachemshia chai? Mama yangu alikuwa anaamshwa na maneno mawili tu, "kuna watu". Baba kaitwa mtu wa watu, mama hakuna aliyemwita chochote. Na siku mama alipolazwa, baba alikuwa kwenye kikao cha kisima.

Njoro
Kwetu Kenya ilikuwa harambee. Mzee alitoa lori mbili za mawe kujenga shule ya upili ya kijiji. Miaka kumi baadaye nikafukuzwa shule hiyohiyo kwa sababu ya karo. Nilikaa nje, nimeegemea mawe yetu.

Randa ya Mshua
Sikutaka kuchangia, ila hili la mawe limenigusa.

Mshua alikuwa fundi seremala Mwanza. 1996 nimemaliza kidato cha nne, nasubiri cha tano. Alikuwa kapata tenda ya madawati, mbao kashanunua, na ile pesa ndiyo ingekuwa ada yangu. Jumanne ya tarehe 21 Mei, asubuhi, meli ya MV Bukoba ikazama, Mwanza imeshakaribia kabisa. Mchana mji mzima unalia. Mshua akazima redio, akasema, "Toeni mbao nje."

Hakuna aliyemtuma, wala aliyeahidi kulipa. Tulipiga randa siku tatu. Mwanzo tulikuwa tunaletewa vipimo, baadaye vikaacha kuja. Akasema tengeneza yote marefu, mfupi ataingia kwenye refu. Misumari ikaisha, tukang'oa ya zamani tukawa tunainyoosha juu ya jiwe. Siku ya pili jioni akanipa ubao, akanionyesha kwa kiganja pa kukata. Nikamwambia mzee hapa ni pafupi. Akasema, "Kata." Sikuuliza tena.

Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, naye alikwenda na masanduku ya mwisho. Kidato cha tano sikwenda. Nilimnunia mwaka mzima, kula nakula, kuongea siongei. Kafa 2011 hatujawahi kulizungumza. Leo karakana ni yangu na lile jiwe bado lipo.

Shangazi Kaja
Daah.

Kishapu Kwetu
"Kata." Nimeishia hapo mkuu.

Fundi Mkuu
Pole, ila madawati yalikuwa ya mbao gani? Maana nimesoma nikawaza mninga, na mninga kwa madawati ni hasara.

Mama Wawili
Jamani watu wengine!

Randa ya Mshua
Madawati ni paina. Mninga ulikuwepo, wa kitanda cha bwana harusi. Vyote vilienda. Bwana harusi alikuja kudai kitanda chake.

Njoro
Mzee alilipwa baadaye?

Randa ya Mshua
Baada ya miaka kama miwili alikuja mama mmoja kutoka Bukoba, mkungu wa ndizi na kopo la senene. Basi.

Konda Mstaafu
Mtoto wa Reli, lile la sukari nimelifuta moyoni. Kuhusu daftari, kadai. Dawa ya deni kulipa.

Shangazi Kaja
Choma. Ila piga picha kwanza.

Mama Wawili
Mpe mama yako. Kama anataka lichomwe, achome kwa mkono wake, chai alichemsha yeye.

Kishapu Kwetu
Lisome kwa sauti msiba ujao, uone watakavyohama mtaa 😂

Fundi Mkuu
60,000 ya 2009 siyo ya leo. Piga hesabu upya.

Mtoto wa Reli
Mrejesho wakuu. Leo asubuhi nimeanza na yule wa 60,000, mzee mwenye duka la spea za baiskeli. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha ukurasa. Hakubisha hata neno. Akasema, "Kaa mwanangu," akaingia ndani, akatoka na daftari lake, nalo limefungwa kwa mpira wa tyubu. Mzee naye yumo humo, kurasa mbili.

Bado tunahesabu.