Chumba cha kupanga Kisauni, Mombasa, maiki nzuri, sauti kama ya kisimani: nianze na nini?

Risha_Kisauni
Assalaam aleikum wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Chumba ni mita 3 kwa 3, dari ya zege nayo iko mita 3 juu, kuta plasta tupu, chini vigae. Vyombo: maiki moja ya kondensa (inayonasa hata sauti ndogo), intafesi ya njia mbili (kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu), laptopu, spika mbili za inchi 5, hedifoni za kufunika masikio. Kazi ni kupiga udi (ala ya nyuzi) na kuimba, baadaye dumbak (ngoma) na kodiani.

Yanayonisumbua: sauti inavuma kama mtu anaimba kisimani. Kuna "mmmm" chini ya kila rekodi. Siku nyingine maiki inapasuka-pasuka kama viazi karai vikiingia kwenye mafuta. Halafu miksi kwenye hedifoni iko sawa, nikiicheza kwenye simu mwimbaji amezama. Ukuta ulio nyuma ya maiki nimeubandika trei za mayai wote. Nafikiria maiki ya bei zaidi.

FundiMwangwi
Waleikum salaam. Maiki usinunue. Hiyo uliyo nayo inakuletea chumba kama kilivyo, na ya bei zaidi itakuletea chumba hicho hicho kwa uwazi zaidi.

Chumba chenye urefu, upana na kimo sawa ndicho kibaya kuliko vyote. Piga hesabu: kwa joto la huku sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6, unapata hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), ndiyo sauti nzito ambayo chumba kinaivumisha. Kwa kuwa pande zote tatu ni sawa, hiyo 58 inarundikana mara tatu, na 116 vile vile, na 174. Ndiyo maana noti moja ya uzi mnene wa udi inanguruma na jirani yake haisikiki, hata ukipiga kwa nguvu ile ile.

Trei za mayai zing'oe. Ni karatasi nyepesi: zinakula kidogo ncha za juu, mngurumo wa chini unapita kama hakuna kitu. Tena zinashika moto upesi.

Sasa kosa lenyewe. Maiki yako bila shaka ni ya kusikia upande mmoja. Mgongoni kwake ni kiziwi. Wewe umefunika ukuta wa mgongoni kwake, mahali isiposikia! Fuata njia ya sauti: inatoka kinywani, inagonga kuta, inarudi kwa nyuma yako, inakupita begani na kuingia usoni mwa maiki. Ukuta wa kufunika ni ule ulio nyuma ya mwimbaji.

Chukua magodoro mawili ya sufi au ya usumba, yasimamishe nyuma yako yakifanya umbo la V kwenye pembe ya chumba, yaachie sentimita 10 kutoka ukutani. Ile nafasi tupu inafanya kazi. Godoro lililogandana na ukuta linashindwa mapema zaidi kwenye sauti nzito. Ukitaka kitu cha kudumu, fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina 10, ujaze pamba ya mawe (vaa glavu na barakoa, inawasha), uvike leso (kanga). Pamba ya mawe haishiki moto, sufi inashika vibaya sana, kwa hivyo magodoro yakae mbali na balbu na soketi. Leso ijaribu hapo hapo dukani Biashara Street: iweke kinywani upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita. Leso peke yake ukutani ni pambo tu.

Fremu moja ining'inize juu ya kichwa, maana zege la dari linarudisha sauti sawa na kuta. Usikae katikati ya chumba. Maiki iwe kama mita 1.1 kutoka ukuta mmoja, na isiwe hivyo hivyo kutoka ukuta wa pili. Kinywa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, katikati yao soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye duara la waya, sentimita 8 mbele ya maiki, ipoze pumzi za P na B. Ukisogea chini ya sentimita 15 sauti inanenepa yenyewe.

Udi: maiki sentimita 25 hadi 30, ielekee pale shingo inapokutana na tumbo. Usiielekeze kwenye tundu kubwa, utapata mvumo mtupu.

Bi_Kodiani
Hapo kwa kondensa mimi na Fundi hatupatani. Kisauni kuna tuktuk, kunguru, watoto wa jirani na muuza maji, na kondensa inabeba wote. Kwa kuimba, chukua maiki ya dainamiki (isiyonasa sana sauti za mbali) ya kawaida, mfano Shure SM58 ambayo iko sokoni tangu 1966. Kinywa sentimita 5, chumba kinapungua chenyewe kwa sababu sauti yako imeizidi sana ile inayorudi.

FundiMwangwi
Kwa kuimba nakubali. Lakini aelewe kwamba dainamiki inataka geini (kukuzwa kwa sauti) kubwa, desibeli 50 hadi 60, na intafesi dhaifu ikisukumwa hapo inaanza kuvuja "shhh". Na kwa udi usithubutu, utapoteza mguso wa risha (kipigio) kwenye uzi. Kondensa udi, dainamiki sauti, zirekodiwe moja moja. Akitaka kuimba na kupiga kwa pamoja, maiki ya udi iwe mbali na kinywa angalau mara tatu ya umbali wake kutoka kwenye udi, la sivyo sauti itaingia mara mbili na kuwa nyembamba.

WayaTatu
Hiyo "mmmm" ni umeme, hezi 50 na wenziwe wa 100. Itafute hivi. Vaa hedifoni, chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Ikinyamaza, ni mzunguko wa waya wa ardhi: chaja na spika zimeshika ardhi kwenye soketi mbili tofauti. Tia kila kitu kwenye ekstensheni moja, soketi moja, na waya za spika ziwe zile ambazo plagi yake ina pete mbili nyeusi, siyo moja.

Isiponyamaza, zungusha kidude cha ukutani cha kupunguza kasi ya feni. Mlio ukibadilika pamoja na kasi, mkosaji ni hicho. Zima kabisa wakati wa kurekodi. Kinachofuata ni UPS (betri za akiba za umeme) za bei ya chini, nyingine zinatoa umeme wenye makwaruzo.

Kuna watu watakwambia ukate pini ya ardhi. Mlio utakwisha kweli, na siku spika ikipata hitilafu utakamilisha mzunguko kwa mkono wako ukiwa pekupeku kwenye vigae. Usifanye. Nyumba nyingi za zamani soketi ina tundu tatu lakini ndani waya ni mbili, kwa hivyo mwite fundi umeme apime kwanza.

Chumvi_Tupu
Ile ya viazi karai ni unyevu. Kondensa ina utando mwembamba unaobeba chaji. Mvuke ukitua pale chaji inavuja, ndiyo unasikia kupasuka. Haijaharibika.

Tafuta sanduku la plastiki linaloziba sawasawa la kuwekea maiki, utie gramu 200 za chembe za silika (zinazofyonza unyevu), zile za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zikigeuka, tia ovenini nyuzi 120 kwa saa mbili zirudi. Mchele mkavu ambao watu hupenda kuutaja hauna nguvu hiyo na unaacha vumbi. Maiki ikitoka mahali baridi, kama chumba chenye AC, iache ndani ya sanduku lililofungwa nusu saa ipate joto la chumba kwanza. Washa volti 48 (umeme ambao intafesi inaupeleka kwenye maiki) dakika 10 kabla ya kuanza, na uzizime kabla ya kuchomoa waya. Mashine ya kukaushia nywele isikaribie hata kidogo, utando utapinda. Plagi nazo zinaliwa na chumvi ya hewa; zifute kwa spiriti safi ya isopropili.

Risha_Kisauni
Shukran sana, trei zinang'oka leo. Na feni je? Bila feni chumba hakikaliki. Na lile la simu?

Bi_Kodiani
Feni izimwe, hilo halina mjadala. Poza chumba kwanza, kisha rekodi kwa vipindi vya dakika 10, feni irudi. Angalia saa za adhana upange vipindi katikati. Kila kipindi anza na sekunde 10 za kimya. Zitakuonyesha kama kuna kitu kinavuma kabla hujapoteza muda. Rekodi kwa biti 24, kilohezi 48, vilele (pale sauti inapokuwa kubwa zaidi) vifike desibeli -12 tu. Bafa (kiasi cha sauti ambacho laptopu inakishika kabla ya kukicheza) iwe 128 ukirekodi, 1024 ukimiksi.

Sasa simu. Spika ya simu haitoi cha maana chini ya hezi 300 hivi. Uzito unaousikia kwenye hedifoni unatoweka wote, inabaki sehemu ya kati, na hapo udi na mwimbaji wanagombea mlango mmoja, kati ya kilohezi 2 na 4. Kwenye sauti ya mwimbaji kata kila kilicho chini ya hezi 90. Kwenye udi punguza desibeli 2 au 3 kwa upana pale kwenye kilohezi 2.5, mwimbaji apite. Vikiwa vizito vyote viwili, punguza kidogo kwenye 250 hadi 300.

Kabla ya kompresa (programu inayoshusha sauti zinazozidi), pandisha na kushusha maneno kwa mkono, neno kwa neno. Ni kazi ya saa nzima na ndiyo inayofanya tofauti. Kisha kompresa ya 3 kwa 1, ianze baada ya milisekunde 10, iachie kwa 80, ishushe desibeli 4 hadi 6 kwenye maneno makali tu. Unganisha kushoto na kulia kuwa moja usikilize kwa sauti ndogo sana, kiasi cha kusikia sufuria ikichemka jikoni. Mwimbaji akisikika hapo, kwenye simu atasikika. Faili la mwisho lisivuke kilele cha desibeli -1. Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hivyo kulibana zaidi ni kuua dumbak bure.

FundiMwangwi
Nyongeza moja kwa kuwa ni udi: programu ya kunyoosha sauti usiiwashe kwa mipangilio yake ya kawaida. Inajua funguo 12 za kinanda tu. Noti ya pili ya bayati (mpangilio wa noti wa Kiarabu) imekaa katikati ya funguo mbili, nayo itaivuta iende upande mmoja. Mstari ukitoka vibaya, uimbwe tena.