Tupeane uzoefu: waini ya bei ya mwananchi, nyumbani na likizoni

Baba Ngong Road (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina swali la kijinga kidogo, mnivumilie.

Mwezi wa 12 nilinunua chupa 2 za waini nyekundu, aina moja, duka moja la waini hapa Ngong Road, siku moja. Pinotage ya Afrika Kusini, 1,250 kila chupa. Ya kwanza tuliifungua nyumbani Ijumaa jioni. Nje mvua, mama watoto amekaanga maini na vitunguu vingi. Chupa ikaisha tukitazamana, kila mtu anangoja mwenzake aseme tufungue ya pili.

Ya pili ikaenda nasi Mombasa. Nimewasifia mashemeji njia nzima. Tukafika, nikaiweka mezani barazani tangu asubuhi ili waione, jioni nikamimina kwa mbwembwe. Wacha! Inachoma koo, inanuka spiriti, ladha ni ya dawa ya kikohozi. Shemeji akaonja mara moja, akaweka glasi chini polepole, akauliza kama kuna soda. Nikamwambia hii ni kitu ya maana. Akasema, "Ndiyo, shem," kwa ile sauti ya kumhurumia mtu.

Sasa nauliza: niliuziwa feki, au kuna kitu sijui? Na tukiwa hapo, tupeane uzoefu. Chupa gani ya chini ya 1,500 iliwahi kukushangaza, ulikuwa wapi, ulikula na nini? Wale wa kunusa tumbaku na ngozi ya kiatu kwenye glasi, karibuni, lakini semeni na bei. Walio chini ya miaka 18 pitieni uzi wa mpira.

(Na msinianze kuhusu jina. Kanisani ni divai, kamusini ni mvinyo, dukani ni waini. Divai tuliipata kwa Wafaransa, mvinyo kwa Wareno, waini kwa Mwingereza. Kila aliyepita alituachia neno, chupa akaondoka nayo.)

Bint Likoni

Kaka, pole, lakini wewe hukunywa waini. Ulikunywa chai.

Hiyo habari ya kwamba waini nyekundu haiwekwi kwenye friji iliandikwa na watu wa Ulaya, nyumba za mawe, chumba kina nyuzi 16 hadi 18. Nairobi mna bahati, jioni ya mvua nyumba yenu iko karibu na hapo bila nyinyi kujua. Baraza la Mombasa mwezi wa 12 ni nyuzi 30 na zaidi, na chupa yako imeshinda hapo kutwa. Waini ikipata joto, kileo ndicho kinachotangulia puani, mengine yote yanajificha. Feki haikuwa. Iliungua tu.

Sisi huku nyekundu nayo hupita kwenye friji, dakika 20 au 30. Ukiitoa, glasi ikigusa mdomo usikie ubaridi kidogo, si barafu. Ikizidi baridi pia huonji kitu.

Chupa yangu mimi ni Chenin Blanc, nyeupe, 1,100 au 1,200. Wenyewe Afrika Kusini ndiyo zabibu wanayoipanda kuliko nyingine yoyote, zamani wakiiita Steen, kwa hiyo haina sababu ya kuwa ghali. Nainywa na samaki wa kupaka. Tui la nazi ni zito, ukwaju unauma, ile waini inapita katikati na kusafisha ulimi, unarudi kwenye samaki kama ndiyo kwanza unaanza. Nyekundu kali na pilipili usijaribu, moto unaongezeka.

Muuza Chupa Roysambu

Niko nyuma ya kaunta mwaka wa 9 sasa, acha nitoe siri za ndani kidogo.

Moja, chupa za rafu ya juu karibu na dirisha zinapigwa na jua la saa tisa kila siku. Zipo hapo kwa urembo. Mwambie muuzaji akutolee iliyo kwenye katoni. Akikasirika, nenda duka la pili, yako mangapi.

Mbili, stempu ya KRA (watu wa ushuru) iangalie kabla ya kulipa, si ukifika nyumbani.

Tatu, na hii inaniuma. Kuna mteja alinunua nyeupe ya 950 akaificha kabatini hadi binti yake afuzu chuo, miaka 4. Akaniletea akilalamika imekuwa siki. Mzee wangu, chupa nyingi za bei hii zimetengenezwa zinywewe mapema. Nyeupe tafuta mwaka wa karibuni kwenye lebo. Na ile ya kifuniko cha kuzungusha si dalili ya unyonge, kifuniko hicho hakiharibu waini jinsi kizibo kibovu kinavyoharibu, ukafungua ukakuta harufu ya kadibodi iliyonyeshewa.

Mteja wa Nairobi swali lake ni moja: "Ni tamu ama ni kali?" Kumbe kali anamaanisha drai. Drai si nguvu ya kileo, ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kileo. Kuna tamu zina kileo kidogo tu na kuna drai za asilimia 14. Soma nyuma ya chupa.

Mwalimu wa Umoja

Chama chetu ni wanawake 6. Mwaka jana tulichoka kuongea mikopo tukaamua mkutano mmoja tuonje waini. Kila mtu alete chupa isiyozidi 1,200. Mimi nikazivika soksi, zile ndefu za shule za kijana wangu (zimefuliwa, msianze), nikafunga shingo kwa raba na kuandika namba kwa chokaa. Chupa 6, lakini mmoja wetu alifanya ujanja akaleta ya 3,800 aliyopewa zawadi kazini, bila kusema.

Duru ya kwanza tulionja tupu, na maji tu. Namba 2 ikashinda kwa mbali. Tukavua soksi kwa siri mimi na katibu: ni ile tamu nyekundu ya 850 ambayo kila harusi ya Nairobi imeiona. Ya 3,800 ilishika mkia. Mama mmoja alisema inakausha meno kama ndizi mbichi.

Hapo ningekuja kuwaambia pesa ni bure. Lakini nyama ikafika. Mbuzi wa kuchoma, kachumbari, ugali. Duru ya pili, glasi nzima badala ya funda. Namba 2 ikaanza kuchosha. Baada ya nyama yenye chumvi ilikuwa kama kunywa juisi ya watoto, watu wakaiacha nusu. Ile ya kukausha meno sasa mafuta ya mbuzi yameipoza, ikapanda hadi ya pili. Ya kwanza ikawa Malbec ya Argentina ya 1,190, ambayo duru ya kwanza hakuna aliyeitaja hata kwa ubaya.

Mwenye 3,800 bado anadai rufaa.

Guka Kitengela

Vijana mnazungumza waini kana kwamba imeshuka melini jana. Sisi tulikuwa na muratina, pombe yetu ya kienyeji. Tunda la mti wenyewe linakaushwa, linawekwa kwenye asali na maji au juisi ya miwa, linakaa karibu na joto la moto linachacha. Mahari haikuzungumzwa bila hiyo, na kijana hakuguswa na ile pembe ya kunywea hata kwa bahati mbaya.

Ya chupa nimeijua uzeeni. Binti yangu alitupeleka kupiga kambi Naivasha, akabeba Leleshwa, Sauvignon Blanc. Nikacheka jina, leleshwa si ule mti wa kijivu wa bondeni, majani yananukia ukiyasugua? Akaniambia zabibu zimepandwa hapohapo Naivasha, shamba la Morendat. Sikuamini. Mimi ni mkulima, nikauliza: huku karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, unapumzika lini? Baadaye nikaelewa kwamba mkulima mwenyewe ndiye anayeulaza, kwa kuupogoa. Marehemu Richard Leakey, yule mtafiti wa mifupa ya kale, naye alipanda zake kule Ngong, ukingoni mwa bonde.

Chupa tuliitia ziwani ndani ya wavu wa vitunguu, imefungwa kamba kwenye mti. Nusu saa. Tilapia wa kukaanga. Bei imepita kidogo ile yenu ya 1,500, lakini siku hiyo sikulipa mimi.

Msafiri South B

Kama umewahi kutamani Cape Town na ukaogopa viza, tangu 1 Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Mimi na dada yangu tulienda kwa akiba ya sacco. Franschhoek kuna tramu inayokuzungusha mashamba ya mizabibu, unashuka, unaonja, unapanda inayofuata. Kuonja shamba moja kulitutoa pesa ndogo kuliko glasi moja Westlands.

Kosa letu: mezani kulikuwa na ndoo ndogo, tukadhani ni ya barafu iliyoyeyuka. Ni ya kutemea. Watu wanaonja, wanatema, wanaandika. Sisi tuliolelewa kumaliza sahani tulimeza zote. Shamba la tatu dada alikuwa anamweleza mwenye meza historia ya ukoo wetu kwa Kiluhya.

Pinotage ya Baba Ngong Road ilianzia kulekule, Stellenbosch, mwaka 1925, profesa Perold alipozalisha Pinot Noir na Cinsault. Wenyewe waliinywa na nyama iliyochomwa hadi ukingo unakuwa mweusi. Nikasema hii ni mutura (ule utumbo wetu wa kujazwa na kuchomwa) inatafutwa.

Kurudi, forodha inakuruhusu lita 2 za waini bila ushuru, yaani chupa 2 na nafasi kidogo. Zifunge kwenye mfuko usiovuja kabla ya kuzizungushia nguo. Mimi nilianza na nguo. Gauni la dada lilikuwa jeupe.

Fundi Pipeline

Dodoma. Mmesahau Dodoma? Nilipanda basi Namanga, Arusha, hadi kule kwa kazi ya wiki 2. Zabibu zinavunwa mara 2 kwa mwaka, barabarani wanakuuzia kwa ndoo. Nikaonja nyekundu ya Makutupora, jina la zabibu ni jina la mahali. Ina vumbi fulani, sijui niiseme vipi. Niliipenda.

Mama Pacha

Mimi malalamiko. Mkahawa mmoja mtaani kwetu (sitaji) nililipa 700 kwa glasi moja, ikaja imechacha, rangi ya matofali. Nauliza chupa ilifunguliwa lini, mhudumu ananiambia "hivi majuzi". Kwa 700 hiyo ningeongeza kidogo nikapata chupa nzima nikakaa kwangu bila viatu. Muuza Chupa, ikifunguliwa inakaa siku ngapi?

Muuza Chupa Roysambu

Mama Pacha, funga kizibo, weka kwenye friji, hata nyekundu. Siku 3, ukibahatika 5. Ile ya boksi yenye mfuko wa bomba ndani inakaa wiki 4 na zaidi, kwa sababu hewa haiingii mfuko unapopungua. Anayekunywa glasi moja jioni, boksi ndilo lake. Ikishazeeka usimwage, tia kwenye nyama ya ng'ombe inayochemka.

Baba Ngong Road

Naripoti. Jana nimenunua ileile, kutoka kwenye katoni, muuzaji amekasirika kama ilivyoahidiwa. Friji dakika 25. Nikatoka hadi kwa jamaa wa mutura hapo stejini, nikamwomba ile ya mwisho wa choma, iliyoungua ungua. Mama watoto akasema mutura hailiwi kwa glasi ya shingo ndefu. Akachukua kikombe.

Chupa ilikuwa na kizibo, na kizibuo chetu kimevunjika mkono. Nimesukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, nikamimina kupitia chujio la chai. Vipande viwili vilipita.

Mkiwa mahali hakuna kizibuo, mnafanyaje? Shemeji anakuja Jumamosi.